Shajara ya mradi: hifadhidata ya bohari moja ya Shimanzi

Kazi: kuhamisha kumbukumbu za bohari ya mizigo iliyoko Shimanzi, Mombasa, kutoka kwenye madaftari na Excel hadi hifadhidata moja. Bohari hupokea makontena ya futi 20 na futi 40. Mahamali hushusha mzigo, unapangwa vizimbani (sehemu za stoo zilizotengwa), kisha unatoka kidogokidogo kwa malori na mikokoteni. Muda uliopangwa ni wiki 11. Shajara huandikwa kila Ijumaa jioni.

Wiki ya 1: mipaka

Mradi unagusa geti, hesabu ya stoo na ankara za kuhifadhi. Malipo ya mahamali, karatasi za forodha (zinabaki kwa wakala) na vitabu vya mhasibu havimo. Kila meza iliomba yake iingizwe. Miradi ya namna hii huanza kuvimba hapa hapa, kabla hata mstari mmoja wa SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, haujaandikwa.

Kumbukumbu zilizopo ni tatu na hazisomani: daftari la mlinzi getini, leja ya karani wa stoo, na faili la Excel. Kontena moja likiingia huandikwa mara tatu, na likikosewa hukosewa kwa namna tatu tofauti.

Makadirio ya wingi: getini kuna miondoko kama 60 kwa siku, na siku za kazi ni 300 kwa mwaka, kwa hiyo mistari 18,000 kwa mwaka. Tukichukua baiti 300 kwa mstari, miaka 20 ni mistari 360,000, yaani megabaiti 108. Hesabu hii imebandikwa ukutani. Itahitajika wiki ya 4.

Swali la "tutatumia programu gani" lilifika mezani siku ya kwanza, kabla ya chai kupoa. Limeahirishwa. Mfumo ukichaguliwa kabla ya sheria za kazi kujulikana, sheria ndizo zitakazokatwa ili ziutoshee mfumo.

Wiki ya 2: mahitaji

Tumekusanya kila karatasi inayopita mikononi: kibali cha kutolea mzigo, karatasi ya kuhesabia ya mahamali, ankara, orodha ya sili (lakiri za mlango wa kontena) zilizokatwa. Karatasi husema mengi kuliko mahojiano. Ukimuuliza karani atakueleza jinsi kazi inavyotakiwa kwenda. Karatasi yenye maandishi pembezoni hukuonyesha inavyokwenda.

Kila sheria imeandikwa kwa sentensi inayoweza kupimwa kuwa kweli au uongo. "Mfumo uwe rahisi kutumia" si hitaji. "Kibali kitoke bila kuacha skrini moja" ni hitaji.

Tano zilizo na uzito:

Namba ya kontena haitambulishi mzigo. Kontena ni chombo, na lilelile linaweza kurudi baada ya miezi minane likiwa na mzigo wa mteja mwingine. Faili la Excel limeichukulia namba hiyo kama kitambulisho, ndiyo maana kuna wateja wawili wanaoonekana "kushirikiana" mchele ambao hawakuwahi kuununua pamoja. Kinachohitaji kitambulisho ni ujio: kontena fulani, siku fulani.

Salio la mzigo halishuki chini ya sufuri.

Kizimba kimoja hakiwi na wateja wawili kwa wakati mmoja.

Siku za kuhifadhi bila malipo hutofautiana kwa mkataba, na mkataba hubadilika katikati ya mwaka.

Gunia likichanika, hesabu ya magunia hupungua kwa moja lakini kilo hazijapotea zote. Zinazozolewa sakafuni huwekwa kando kama mchele wa kufagia na zina bei yake. Hakuna daftari lililokuwa na nafasi ya jambo hili. Tofauti ilipotokea mwisho wa mwezi, lawama ziliwaangukia mahamali.

Wiki ya 3: mchoro wa huluki

Huluki, yaani vitu ambavyo hifadhidata itaviwekea kumbukumbu, ni saba: mteja, mkataba, kontena, ujio, fungu la mzigo, kizimba, mwondoko. Ujio mmoja huzaa fungu moja au zaidi, na fungu moja huwa na miondoko mingi: kuingia, kutoka, kuchanika, kufagiwa, kuhamishwa kizimba.

Uamuzi mkubwa: salio halihifadhiwi popote. Hupatikana kwa kujumlisha miondoko. Karani akikosea hafuti wala haandiki juu. Huandika mwondoko wa kusahihisha wenye sababu na jina lake. Ni desturi ya leja ya kale, na inafanya kazi vizuri kuliko safu moja inayoandikwa upya kila saa bila kuacha alama.

Mchoro ulipitiwa na karani mkuu kwa kutumia karatasi za kontena moja, kuanzia kukatwa kwa sili hadi gunia la mwisho. Kosa moja lilipatikana: fungu linaweza kuuzwa likiwa bado ndani ya bohari. Mmiliki hubadilika ilhali mzigo haujasogea hata hatua. Kwa hiyo umiliki umekuwa huluki ya nane, wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Wiki ya 4: kuchagua mfumo wa kusimamia hifadhidata

Utaratibu: kwanza mchujo wa masharti ya lazima, kisha alama kwa waliobaki. Ukianza na alama, mfumo usiofaa hata kidogo huweza kushinda kwa kuwa na bei nzuri.

Masharti ya lazima ni manne. Mashine tisa ziandike kwa wakati mmoja. Sheria za wiki ya 2 zikae ndani ya hifadhidata yenyewe, si kwenye skrini tu, maana skrini zitabadilishwa na mtu mwingine siku moja. Iwezekane kurejea hadi dakika chache kabla ya ajali. Kusiwe na ada kwa kila mtumiaji.

Microsoft Access imetoka mapema. Faili lake lina kikomo cha gigabaiti 2, ambacho kwa megabaiti 108 si tatizo. Tatizo ni kwamba kila mashine hulifungua faili lenyewe kupitia mtandao. Waya ukilegea au umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika lote.

SQLite, iliyotolewa mwaka 2000 na D. Richard Hipp, huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na watengenezaji wenyewe wanaonya dhidi ya kuiweka kwenye folda ya mtandao. Imetoka kwenye orodha ya seva, lakini imebakizwa kwa kazi nyingine: kishikwambi cha getini. Tazama wiki ya 8.

MongoDB imeondolewa kwenye orodha kwa sababu moja. Hoja kwamba haina miamala (mabadiliko yanayokamilika yote au kutokamilika kabisa) imepitwa na wakati, kwani tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018 ina miamala inayogusa nyaraka nyingi. Kisa ni kwamba kila ripoti hapa huunganisha mteja, mkataba, fungu na mwondoko, na MongoDB haina funguo za kigeni (viungo vya jedwali moja kwenda jingine) zinazokataa mwondoko wa fungu lisilokuwepo.

SQL Server Express ni bure, lakini hadi toleo la 2022 kila hifadhidata ina kikomo cha gigabaiti 10, na haina kipanga-kazi chake cha ndani, kwa hiyo nakala za akiba lazima zipangwe nje. Hapa ndipo hesabu ya ukutani ilipotumika. Megabaiti 108 ziko mbali sana na gigabaiti 10. Lakini kuna ombi la kuweka picha za sili na mlango wa kontena: picha 2 kwa kila mwondoko wa geti, kilobaiti 300 kila moja. Miondoko 18,000 mara picha 2 mara kilobaiti 300 ni gigabaiti 10.8 kwa mwaka. Zikiwekwa ndani ya hifadhidata, kikomo kingefikiwa kabla ya mwaka kuisha. Kutokana na hesabu hiyo imeamuliwa kwamba, mfumo uwe upi, picha zitakaa kwenye folda za diski, na hifadhidata itabeba njia ya faili na alama yake ya uthibitisho tu. Oracle XE ya 21c, yenye kikomo cha gigabaiti 12 za data na gigabaiti 2 za RAM, ilipimwa kwa mizani hiyohiyo ikatoka.

Wamebaki MySQL na PostgreSQL. MariaDB, iliyotokana na MySQL mwaka 2009, ilihesabiwa pamoja na MySQL.

Zote mbili zimesimikwa kwenye mashine moja ya majaribio na kupewa mistari 360,000 ya kubuni. Kwa wingi huo, mtu anayesubiri mbele ya skrini haoni tofauti ya kasi. Tofauti zilizoonekana ni tatu.

Ya kwanza ni CHECK, sharti ambalo kila mstari lazima ulitimize. Kabla ya toleo la 8.0.16, MySQL ilisoma CHECK, ikaikubali bila malalamiko, kisha ikaipuuza. Mtu angeandika "kilo zisiwe hasi" na kilo hasi zikaingia. Matoleo ya sasa yanaitekeleza, ila seva za kukodi za bei nafuu huwa na matoleo ya zamani. Anayehamia huko na aulize namba ya toleo kwanza.

Ya pili ni kugongana kwa vipindi. Sheria ya kizimba inadai vipindi viwili vya kizimba kimoja visipishane. PostgreSQL ina sharti la kutengana, EXCLUDE, linalofanya hivyo kwa mstari mmoja, likisaidiwa na kiendelezi cha btree_gist. Kwa MySQL ingebidi kuandika triga mbili (amri zinazojiendesha mstari ukiandikwa) na kufuli, kisha kuomba zisisahauliwe.

Ya tatu ni mabadiliko ya muundo. PostgreSQL huweza kufunga mabadiliko kadhaa ya majedwali ndani ya muamala mmoja. Moja likishindwa, yote hurudi nyuma. MySQL hukamilisha kila badiliko papo hapo. Ukikwama katikati, unabaki na muundo ambao si wa jana wala si wa leo.

Uzito na alama: sheria ndani ya hifadhidata 30, kurejesha 25, upatikanaji wa mafundi 20, gharama 15, kasi 10. PostgreSQL imepata 30, 25, 12, 15 na 8, jumla 90. MySQL imepata 18, 20, 20, 15 na 8, jumla 81. Kwa uaminifu tumegeuza uzito ili tuone: mafundi wakipewa 40 na sheria 10, MySQL inashinda kwa 89 dhidi ya 82. Kwa maana hiyo jedwali la alama halikuchagua kitu. Limeonyesha tu kwamba bohari hii inaogopa zaidi mzigo kupotea kwenye hesabu kuliko inavyoogopa kumtafuta fundi. Bohari nyingine ingeweza kuamua kinyume na isikosee.

Imechaguliwa PostgreSQL. Gharama yake isiyoandikwa kwenye bei: toleo kubwa jipya hutoka kila mwaka na kila moja hutunzwa miaka mitano, kwa hiyo kazi ya kupandisha toleo lazima iwekwe kwenye bajeti tangu sasa.

Wiki ya 5: majedwali

Fedha ni numeric(12,2), yaani desimali halisi ya tarakimu 12, mbili zikiwa za senti. Namba za desimali za kukadiria hazishiki 0.1 kikamilifu, na senti zinazokosekana huonekana pale ankara 400 zinapojumlishwa.

Kiwango cha VAT hakiandikwi ndani ya programu. Kina jedwali lake lenye tarehe ya kuanza. Kenya ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wenye "16" iliyochongwa ndani hauwezi kuchapisha upya ankara ya Juni 2020 ikatoka sahihi. Ankara yenyewe pia hunakili kiwango kilichotumika siku hiyo.

Namba ya kontena hupimwa kwa tarakimu ya ukaguzi ya ISO 6346: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu ya saba inayotokana na zilizotangulia. Herufi zina thamani kuanzia A=10, zikiruka 11, 22 na 33, kwa hiyo B ni 12. Kila thamani huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu. Mfano CSQU305438: 13 + 60 + 112 + 256 + 48 + 0 + 320 + 512 + 768 + 4096 = 6185. Ukigawa kwa 11 linabaki 3, hivyo namba kamili ni CSQU3054383. Baki likiwa 10 huandikwa 0.

Mjadala ulikuwa mrefu: namba isiyopita kipimo ikataliwe? Hapana. Lori limeshasimama getini, na namba iliyopakwa mlangoni mwa kontena ndiyo hiyo hiyo iliyopo. Sharti linasema namba iwe sahihi, la sivyo safu ya sababu iwe imejazwa na picha iwepo. Kuna mtego: CHECK ikitoa jibu la NULL (halijulikani) huhesabiwa kuwa imepita. Kwa hiyo safu ya namba ina NOT NULL (isiachwe tupu) pia.

Kipindi cha kizimba kinafungwa mwanzo na kuachwa wazi mwisho. Mzigo ukitoka saa 8 kamili mchana na mwingine ukaingia saa 8 kamili, havigongani. Ukifunga pande zote mbili, mfumo utakataa mzigo halali na karani ataanza kuandika saa 8 na dakika 1. Uongo mdogo wa namna hiyo ukishazoeleka hauondoki.

Funguo za kigeni: PostgreSQL haizitengenezei faharasa (orodha ya kutafutia haraka) yenyewe, tofauti na InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL. Zimeongezwa kwa mkono kwenye mwondoko, ujio na umiliki.

Wiki ya 6 na ya 7: kuhamisha data ya zamani

Ilipangwa wiki moja, imekula mbili. Tatizo kubwa halikuwa la kompyuta. Ni saa.

Daftari la geti lina safu mbili, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Baadhi ya walinzi wameandika saa za Kiswahili, wengine wamenakili saa ya simu. "3:20" inaweza kuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, yaani 09:20, au 15:20 alasiri kwa aliyesoma simu akaacha kuandika PM. Kila mlinzi aliyeulizwa alijibu kwamba saa tatu ni saa tatu, jambo ambalo ni kweli.

Tumetumia saa za kazi kama mizani. Geti hufunguliwa 08:00 hadi 17:00, yaani saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ndani ya muda huo, mwandishi wa Kiswahili huandika 2 hadi 11. Mwandishi wa saa ya simu huandika 8 hadi 12, kisha 1 hadi 5. Kwa hiyo 2, 3, 4, 5, 8, 9, 10 na 11 zina maana mbili. Lakini 6 na 7 zinaweza kuandikwa na wa Kiswahili tu, na 12 na 1 na wa simu tu. Hizo nne ndizo zilizofungua daftari zima: mlinzi aliyewahi kuandika 6 au 7 mchana amehesabiwa kuwa wa Kiswahili katika zamu zake zote, na aliyeandika 12 au 1 kuwa wa simu. Zamu hutambulika kwa sahihi ya makabidhiano.

Kisha mpangilio wa ukurasa ukatumika kuthibitisha. Mistari huandikwa kwa kufuatana, kwa hiyo mstari unaorudi nyuma saa sita kamili kutoka kwa uliotangulia umesomwa kwa saa isiyo yake. Walinzi wawili walichanganya ndani ya zamu moja, na mistari yao ilihukumiwa mmoja mmoja. Iliyobaki bila uamuzi haikukisiwa.

Jedwali la zamani limepewa safu tatu za saa: maandishi ya daftari kama yalivyo, saa iliyogeuzwa, na msingi wa kugeuza (zamu, mfuatano, au haijulikani). Maandishi ya asili hayafutwi. Miaka mitano baadaye mtu anaweza kugundua kanuni bora, na bila asili hatakuwa na pa kuanzia.

Makosa mengine, kwa haraka. Tarehe kama 03/04 zilizopitia kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani zimegeuka Machi 4. Zimegundulika kwa sababu siku zote za 13 hadi 31 zilibaki kama maandishi wakati 1 hadi 12 zilikuwa tarehe halisi. Namba za simu zimepoteza 0 ya mwanzo. Herufi O imeandikwa mahali pa 0, na tarakimu ya ukaguzi ilizikamata nyingi. Majina ya wateja: Mohamed, Mohammed na Muhammad wa duka moja ni wateja watatu kwenye Excel. Hayakuunganishwa kwa kufanana kwa herufi. Tumelinganisha PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), yenye herufi, tarakimu tisa, kisha herufi. PIN ikifanana, mteja ni mmoja. Isipofanana, hata jina likiwa sawasawa, ni wawili mpaka karani athibitishe.

Data yote hupita kwanza kwenye majedwali ya mapokezi ambayo safu zake zote ni maandishi na hayana sharti lolote. Huko ndiko husafishwa. Ukiingiza moja kwa moja kwenye majedwali yenye masharti, mstari mmoja mbovu huangusha faili zima na hujui mingine mingapi ni mibovu.

Wiki ya 8: geti

Mtandao wa ndani haufiki vizuri getini, kuta za mabati zinaukata. Kishikwambi kinaandika kwanza kwenye SQLite yake, kisha hutuma kwa seva kinapopata mtandao. Kila mwondoko hupewa kitambulisho cha UUID (namba ndefu isiyojirudia) palepale getini, na seva hupokea kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani kikiwa kimeshaingia, puuza. Kikituma mara tatu kwa sababu jibu halikurudi, mstari unabaki mmoja.

Saa zote huhifadhiwa kwa timestamptz, aina ya safu inayozingatia ukanda wa saa. Seva ilikuja ikiwa kwenye UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma ya Mombasa. Lori likitokea kutoka saa 7 usiku, nje ya saa za kawaida za geti, lingehesabiwa kuwa limetoka siku iliyotangulia, na ada ya siku moja ingepotea. Hesabu ya siku za kuhifadhi imefungwa kwenye Africa/Nairobi ndani ya hoja (swali linaloulizwa hifadhidata) yenyewe, ili isitegemee mpangilio wa mashine.

Wiki ya 9: majaribio

Jaribio lililoshindwa: fungu lina magunia 200, makarani wawili wanatoa 150 kila mmoja kwa sekunde ileile. Kila mmoja ameona 200, kila mmoja ameruhusiwa, salio limekuwa hasi 100. CHECK haiwezi kuzuia hili kwa sababu hutazama mstari mmoja, na salio ni jumla ya mistari.

Tiba: kufunga mstari wa fungu kwa SELECT … FOR UPDATE, kisha kujumlisha miondoko katika hoja ya pili, baada ya kufuli kupatikana. Hoja mbili, si moja. Katika kiwango cha kawaida cha PostgreSQL cha kutenganisha miamala, kila hoja huona hali ya wakati ilipoanza. Hoja moja ya kufunga na kujumlisha pamoja inaweza kujumlisha hali ya kabla ya kusubiri.

Tiba ikazaa ugonjwa mwingine. Lori linachukua fungu la 12 kisha la 31, jingine la 31 kisha la 12, na kila muamala ukamsubiri mwenzake. PostgreSQL hugundua mkwamo huo baada ya sekunde 1 na kuua mmoja. Sasa mafungu hufungwa kwa mpangilio wa namba, ndogo kwanza, na mkwamo haujarudi.

Umeme: plagi imechomolewa mara sita seva ikiwa inaandika, fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini) ikiwa imewashwa. Miamala yote iliyokuwa imethibitishwa ilikuwepo mashine ilipowaka. Diski ni SSD yenye kinga ya kukatika kwa umeme. Za bei ya chini huweza kusema "nimeandika" kabla hazijaandika, na hapo hakuna mfumo wa hifadhidata unaoweza kukuokoa. Seva imehamishiwa chumba cha ndani chenye kiyoyozi, mbali na mlango: hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula viunganishi vya shaba kimyakimya.

Wiki ya 10: nakala za akiba na ruhusa

Kila usiku saa 7 kunatolewa pg_dump (nakala ya yaliyomo kwenye hifadhidata), na kila wiki nakala ya msingi ya seva nzima. Kumbukumbu za WAL (faili zinazoandika kila badiliko kwa kufuatana) huhamishwa kila dakika 5, juu ya nakala hiyo ya msingi, ili hasara ya juu kabisa iwe dakika 5 za kazi. Pg_dump pekee haiwezi kurejesha hadi dakika fulani. Nakala moja ipo diski ya pili Shimanzi, nyingine iliyofungwa kwa nenosiri ipo ofisi ya pili, Nyali, ng'ambo ya daraja.

Zoezi la kurejesha kwenye mashine tupu limeshindwa mara ya kwanza. Majedwali yalirudi, watumiaji hawakurudi: pg_dump haibebi watumiaji na majukumu yao. Imeongezwa pg_dumpall --globals-only. Zoezi la pili limefaulu.

Tahadhari kwa zamu: WAL zikikwama bila kuhamishwa, zinarundikana mpaka diski ijae na seva isimame. Onyo limewekwa diski ikifika asilimia 70.

Daftari la geti lilikuwa na namba za vitambulisho vya madereva, wazi kwa kila anayepita. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ya mtu itumike kwa kusudi lake tu, na uvujaji wenye hatari kwake uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Namba hizo sasa zina jedwali lake, linaloonekana na msimamizi wa geti tu. Karani wa ankara hana ruhusa ya kulisoma, na ruhusa imewekwa ndani ya hifadhidata.

Wiki ya 11: kuhamia

Swichi imefanyika Ijumaa adhuhuri, ofisi zikiwa zimefungwa kwa swala na geti likiwa tupu. Mwisho wa mwezi uliepukwa kwa makusudi. Daftari la geti litaendelea sambamba kwa siku 14, na kila jioni jumla za pande mbili hulinganishwa. Siku ya kwanza tofauti moja: mkokoteni uliotoka na magunia 6 haukuingizwa kwenye kishikwambi kwa sababu skrini ilidai namba ya gari. Mkokoteni hauna namba. Safu imelegezwa, aina ya chombo ikiwa mkokoteni, hudaiwa jina la msukumaji.

Yaliyobaki: muunganisho wa ripoti ya mhasibu huachwa wazi siku nzima ndani ya muamala na kuzuia usafishaji wa mistari mifu (nakala za zamani za mistari iliyobadilishwa au kufutwa), utawekewa kikomo cha dakika 10. Kupandisha toleo kumepangiwa mwakani. Kishikwambi sasa kinaonyesha saa kwa namna zote mbili, 09:20 na "saa 3:20 asubuhi", na mlinzi haandiki saa tena, hubonyeza tu.